Vimiminika Viwili na Mstari wa Nyuzi 25

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa sayansi, na nyote mliojaliwa kufika,

Naomba nianze kwa kitendo kabla ya maneno. Ndani ya kikopo hiki cha plastiki mna kipande cha metali chenye rangi ya fedha, kikubwa kadiri ya ncha ya kidole gumba. Nikikigonga mezani mnasikia mlio mkavu kama wa kokoto. Metali hii inaitwa galiamu. Ninaitia katika kifuko chembamba cha nailoni, ninaifumbata katika mkono wa kushoto, nami nitaendelea kuzungumza huku imo humo humo kiganjani. Themometa iliyotundikwa ukutani inaonyesha nyuzi 23 za Selsiasi. Nawaomba muiweke hesabu hiyo akilini, kwa kuwa nitaihitaji kabla sijashuka jukwaani.

Swali lililonileta mbele yenu ni jepesi kulitamka: kati ya elementi 118 zilizomo katika jedwali tulilonalo leo, ni ngapi zilizo vimiminika katika halijoto ya kawaida ya chumba? Vitabu vya shule hujibu kwamba ni mbili, zebaki na bromini. Jibu hilo ni sahihi na sikuja kulikanusha. Nilichokuja kukieleza ni kwamba hesabu hiyo ya mbili inategemea mahali tulipoamua kuchora mstari, na kwamba elementi hizo, ingawa huandikwa bega kwa bega kana kwamba ni mapacha, zimefikia umajimaji wao kwa njia ambazo hazihusiani hata kidogo.

Tuutazame kwanza mstari wenyewe. Wanakemia wanaposema halijoto ya chumba, kwa kawaida hukusudia nyuzi 20 au nyuzi 25, na nyuzi hizo zilichaguliwa kwa sababu ndizo zinazomfaa binadamu anapofanya kazi. Tukiupandisha mstari hadi nyuzi 30, idadi ya vimiminika inakuwa maradufu papo hapo, kwa sababu sesiamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5 na galiamu kwenye nyuzi 29.76. Tukifika nyuzi 40, rubidiamu nayo inaingia. Tukiushusha mstari hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, bromini inatoka, kwani huganda kwenye nyuzi 7.2 chini ya sifuri, na zebaki inabaki peke yake mpaka karibu nyuzi 39 chini ya sifuri, ambapo nayo huwa metali yabisi inayoweza kufuliwa kwa nyundo. Fransiamu huenda ingestahili kuorodheshwa karibu na sesiamu, lakini isotopu yake, yaani aina ya atomi zake, inayodumu zaidi hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 22, na hakuna aliyewahi kukusanya kiasi cha kutosha ili kuitazama ikiyeyuka.

Kwa hiyo, tunaposema kwamba kitu ni kimiminika, tunataja matokeo ya mvutano baina ya pande mbili. Upande mmoja upo mfungamano unaozishika atomi au molekuli pamoja. Upande wa pili lipo joto, ambalo kwa hakika ni mtikisiko wa chembe hizo hizo. Mfungamano ukishinda kabisa, kila chembe hukaa mahali pake na kitu huwa yabisi. Joto likishinda kabisa, chembe hutawanyika zikawa gesi. Kimiminika kimo katikati: mfungamano umelegea kiasi cha kuziruhusu chembe zipishane, lakini haujakatika. Katika elementi nyingi mfungamano ni wa nguvu sana ukilinganisha na joto la chumba, na katika chache, kama vile nitrojeni na oksijeni, ni dhaifu mno. Kuangukia katikati ni jambo la nadra, ndiyo maana kila elementi iliyoangukia hapo inastahili kuulizwa imefikaje.

Nianze na zebaki, ambayo nakiri kwamba ndiyo iliyonifanya niipende kemia. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari nilipoiangusha themometa kwenye sakafu ya saruji ya maabara. Kioo kilitawanyika, na kutoka humo zikatoka shanga ndogo za fedha zilizokimbia pande zote, zikagawanyika zilipogonga miguu ya meza, na zikaungana tena kila zilipokutana. Hazikuacha alama yoyote ya unyevu sakafuni. Sisi wanafunzi tulipiga magoti tukazikusanya kwa vidole vitupu, tukazizungusha viganjani, na hakuna mtu mzima aliyetuambia tuache. Leo najua kwamba tulikuwa tukivuta mvuke wenye sumu, na nitalirudia jambo hilo. Lakini siwezi kukana kwamba siku ile niliona metali ikitembea.

Zile shanga zilikuwa duara kwa sababu atomi za zebaki huvutana zenyewe kwa zenyewe kuliko zinavyovutwa na sakafu au kioo. Mvutano wa uso wa zebaki unazidi ule wa maji zaidi ya mara sita. Maji yakiwa ndani ya bomba jembamba la kioo, kingo zake hupanda na katikati kukabonyea. Zebaki hufanya kinyume, katikati huvimba na kingo zikashuka. Mnaweza kuliona hilo katika chupa hii niliyoileta, ambayo imezibwa na kufungwa kwa nta na haitafunguliwa. Namwomba kijana aliyekaa mstari wa mbele aje aipokee kwa mikono miwili. Amestuka, nanyi mmemwona. Chupa hii ni ya nusu lita, lakini ina karibu kilo 7, kwa sababu lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13.5. Msumari wa chuma huelea juu yake, na hata kipande cha risasi, ambacho sisi hukitumia kama mfano wa uzito, nacho huelea.

Uzito huo ndio uliomfaa Evangelista Torricelli katika miaka ya 1640, alipotaka kupima msukumo wa hewa. Angetumia maji, angehitaji bomba lenye urefu unaozidi mita 10. Kwa zebaki alihitaji bomba fupi tu, kwani hewa ya usawa wa bahari hubeba nguzo ya zebaki ya sentimeta 76 hivi. Miaka 70 baadaye Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza themometa za zebaki zilizoaminika, akitumia tabia yake ya kutanuka kwa utaratibu bila kushikamana na kioo. Ajabu ni kwamba wakati huo wote wataalamu wengi walikuwa hawajakubaliana kama zebaki ni metali kamili kama nyingine, maana hakuna aliyekuwa ameiona ikiwa ngumu. Shaka hiyo iliondoka Desemba 1759 mjini Saint Petersburg, pale Joseph Adam Braun na Mikhail Lomonosov walipochanganya theluji na asidi katika baridi kali ya majira yale, wakatumbukiza themometa, kisha wakavunja kioo na kukuta zebaki imeganda. Waliigonga kwa nyundo ikabonyea kama metali nyingine yoyote.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo. Kwa nini zebaki ni majimaji? Katika jedwali imekaa kando ya dhahabu: dhahabu ina protoni 79, zebaki ina 80. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Protoni moja imeongezeka, na kiwango cha kuyeyuka kimeporomoka kwa nyuzi zaidi ya 1,100. Hata ndugu zake wa safu moja hawafanani nayo, kwa kuwa zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420 na kadimiamu karibu na 321. Sehemu ya jibu ni kwamba ngazi za elektroni za zebaki zimejaa, na elektroni mbili za nje zimekaa kwa jozi, hivyo hazina haja kubwa ya kushirikiana na majirani. Lakini zinki na kadimiamu nazo zina jozi kama hiyo. Kinachoitenga zebaki ni uzito wa kiini chake. Protoni 80 huvuta kwa nguvu kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa huenda kwa mwendo unaozidi nusu ya mwendo wa mwanga, na kwa mwendo huo kanuni za Newton hazitoshi tena. Inabidi tuingize nadharia ya uhusiano ya Albert Einstein. Nadharia hiyo inatabiri kwamba elektroni zenye mwendo kama huo husogea karibu zaidi na kiini, na kusogea huko kunazigusa hata zile mbili za nje, ambazo hubanwa zikawa kama mali iliyofichwa ndani ya nyumba. Atomi ya zebaki inakuwa bahili wa elektroni zake. Hushirikiana na wenzake kwa shingo upande, na mfungamano wa namna hiyo hauhitaji joto jingi ili ulegee.

Kwa muda mrefu maelezo haya yalikuwa ni dhana yenye nguvu bila hesabu kamili. Mwaka 2013 watafiti walichapisha mahesabu ya kompyuta yaliyoiyeyusha zebaki mara mbili, mara ya kwanza bila kanuni za Einstein na mara ya pili wakiwa wameziingiza, na tofauti waliyoipata ilikuwa nyuzi zipatazo 105. Kwa maneno mengine, bila athari hiyo chupa aliyoipokea kijana wetu ingekuwa na bonge gumu ndani yake. Kila nikilifikiria hilo nastaajabu upya, kwamba kanuni ambayo huwa tunaihusisha na nyota na mwanga imo ndani ya themometa ya kawaida.

Nilisema nitarudi kwenye sumu, na sitaki kuipita kwa haraka. Zebaki ya majimaji hugeuka mvuke hata katika halijoto ya chumba, mvuke usio na rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya ule unaovutwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana shanga zilizomwagika hazifagiliwi kwa ufagio wala kuvutwa kwa mashine ya umeme, kwani kufanya hivyo huzivunjavunja na kuupeleka mvuke hewani. Watu huondolewa chumbani, madirisha hufunguliwa, shanga husukumwa taratibu kwa kipande cha karatasi ngumu na kuingizwa katika chombo chenye kifuniko, na vilivyobaki katika nyufa hunyunyiziwa unga wa salfa. Balaa kubwa zaidi hutokea zebaki inapofika majini na kugeuzwa na vijidudu kuwa methilizebaki, ambayo hujilimbikiza katika samaki. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga methilizebaki katika ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu walipoteza nguvu za viungo, macho na usemi, na watoto walizaliwa wakiwa tayari wameathirika. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki ulifunguliwa kwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ukapewa jina la Minamata, na kwa mujibu wake utengenezaji wa themometa za zebaki ulipangiwa kukoma ifikapo mwaka 2020, isipokuwa pale nchi ilipoomba kuongezewa muda. Hata hivyo zebaki bado inatumika kwa wingi katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambako huchanganywa na mchanga ili iinase dhahabu, kisha huchomwa mbele ya pua ya mchimbaji mwenyewe. Hilo ni jambo linalonisikitisha kuliko nitakavyoweza kueleza leo.

Bromini ni habari nyingine kabisa. Tazameni mrija huu wa kioo ulioyeyushwa mdomo ukafungwa moja kwa moja. Chini kuna majimaji mekundu mazito ya rangi inayokaribia udongo, na juu yake, palipo na nafasi tupu, pamejaa mvuke wa rangi ya machungwa. Mvuke huo upo kwa kuwa bromini huchemka kwenye nyuzi 58.8 tu, na katika chumba kama hiki huwa tayari inajitahidi kuondoka. Mrija huu ukivunjika, mvuke utatambaa chini, maana ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tano, na utachoma macho na koo. Majimaji yenyewe yakigusa ngozi huacha kidonda kinachochelewa kupona. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha uvundo, na aliyewahi kuinusa hahitaji kuelezwa sababu.

Bromini si metali, na atomi zake haziogopi kushirikiana. Kinyume chake, kila atomi hushikamana na mwenzake mmoja kwa nguvu, zikawa molekuli ya atomi mbili. Ulegevu upo baina ya molekuli na molekuli, ambako hakuna kinachozishika isipokuwa mvuto hafifu unaotokana na mawimbi ya elektroni zao. Mvuto huo huongezeka kadiri elektroni zinavyoongezeka, na hapo safu ya halojeni, yaani ukoo wa bromini katika jedwali, inajipanga yenyewe mbele ya macho yetu. Florini yenye elektroni 9 katika atomi huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri. Klorini yenye 17 huchemka kwenye nyuzi 34 chini ya sifuri, nayo pia ni gesi. Iodini yenye 53 ni fuwele nyeusi zinazoyeyuka kwenye nyuzi 114. Bromini yenye 35 imeangukia katikati ya klorini na iodini, na mstari wetu wa nyuzi 25 ukapita mahali hapo hapo. Zebaki ni majimaji kwa sababu ya ubahili usio wa kawaida, ilhali bromini ni majimaji kwa sababu ni ngazi ya tatu katika ngazi zinazopanda kwa utaratibu.

Aliyeitangaza bromini alikuwa kijana wa miaka 23, Antoine Jérôme Balard wa Montpellier, Ufaransa, mwaka 1826. Alichukua maji machungu yanayosalia baada ya chumvi ya bahari kuganda, akapitisha klorini ndani yake, na maji yakageuka rangi. Klorini ilikuwa imeipokonya bromini nafasi yake katika chumvi na kuiacha huru. Mjerumani Carl Löwig alikuwa ameipata karibu wakati ule ule kutoka kwenye maji ya chemchemi, lakini alichelewa kuchapisha. Naye Justus von Liebig, aliyekuwa mwanakemia mashuhuri kuliko wote wawili, alikuwa ameletewa majimaji hayo kabla yao, akayaita kloridi ya iodini na kuyaweka kabatini. Wanafunzi wangu huwa nawaeleza habari hii mara nyingi, kwa sababu Liebig hakukosa vyombo wala ujuzi. Alikosa kukaa na chupa ile muda wa kutosha ili ajiulize.

Kuhusu sesiamu nitasema machache, kwa kuwa haiwezi kuletwa ukumbini ila katika kioo kisicho na hewa. Ikigusa maji hulipuka. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliitambua mwaka 1860 kwa mistari ya buluu katika mwanga wa mwali wa moto. Siku hizi sekunde yenyewe inapimwa kwa atomi zake, mitetemo 9,192,631,770 kwa kila sekunde. Mbali zaidi katika jedwali, chini kabisa ya zebaki, ipo kopernisiamu, elementi ya 112, iliyotengenezwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1996. Atomi zake zilizowahi kuonekana ni chache mno na kwa kawaida hazidumu hata dakika moja, lakini mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2019 yanatabiri kwamba, lau ingepatikana ya kutosha kujaza kijiko, ingeyeyuka karibu na nyuzi 10 na kuchemka karibu na nyuzi 67. Ingekuwa kimiminika cha tatu, na kwa sababu ile ile inayoitawala zebaki, ila kwa ukali zaidi.

Sasa naomba niufungue mkono wangu. Kipande kilichogonga meza kama kokoto hakipo tena. Katika kifuko mna majimaji ya fedha yanayotiririka ninapokiinamisha. Joto la mwili ni nyuzi 37, na hilo lilitosha. Galiamu ilitabiriwa na Dmitri Mendeleev, Mrusi aliyepanga jedwali la elementi, mwaka 1871 kabla ya mtu yeyote kuiona, na ilipogunduliwa mwaka 1875 na Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, Mendeleev alimwandikia kwamba kipimo chake cha densiti, gramu 4.7 kwa kila sentimeta ya ujazo, kilikuwa na kasoro na kingepaswa kukaribia 5.9. Mgunduzi aliisafisha upya, akapima, akapata 5.9. Inapoganda hutanuka kama maji yanavyotanuka yanapokuwa barafu, ndiyo maana nimeileta katika plastiki. Kioo kilichojaa kingepasuka. Na ingawa inayeyuka kiganjani, haichemki mpaka ipite nyuzi 2,000.

Ninayamimina majimaji haya katika kisahani hiki cha plastiki, mbele yenu, na kukiweka mezani. Sekunde zinapita, nayo inapoa kufikia joto la chumba, ambalo nimewaomba mlikumbuke kuwa nyuzi 23. Kwa mujibu wa jedwali inapaswa kuwa imeganda, kwa kuwa tupo chini ya nyuzi 29.76. Haijaganda. Galiamu safi inaweza kukaa majimaji kwa muda mrefu ikiwa imepoa kuliko kiwango chake cha kuganda, kwa sababu atomi zake hukosa kiolezo cha kujipangia. Kwa hiyo wakati huu, ndani ya ukumbi huu, elementi za majimaji zilizo mezani pangu ni tatu, hata kama kitabu kinasema mbili.

Katika koleo hili nimeshika punje ya galiamu ngumu, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Walio nyuma wanaruhusiwa kusogea. Nikiigusisha punje hii kwenye ukingo wa majimaji, tazameni pale ilipogusa: uso uliokuwa unang'aa kama kioo unaanza kufifia, mistari iliyonyooka inatoka katika punje na kusonga mbele polepole kuelekea ukingo wa pili wa kisahani.